Sega la Nyuki Chini ya Gari

Kila Jumamosi, kukiwa bado na ubaridi wa asubuhi, Yuster alipakia gari lake na kupanda Newala.

Yuster ni fundi cherehani. Anaishi Mkomaindo, mjini Masasi, pamoja na mume wake Lameck na binti yao Glory. Yuster hushona sare za wanafunzi. Lameck ni seremala, hutengeneza vitanda na madawati. Gari lao ni dogo, la petroli, nalo si jipya. Walilinunua ili Yuster apeleke sare kwenye shule za Newala, na akimaliza apitie Chilangala kumwona mama mkwe wake, Bibi Josephina, anayeishi huko kwenye shamba lake la mikorosho.

Yuster hapendi kutumia kitu asichokielewa. Alipopata cherehani yake ya kwanza, aliifungua ikiwa nzima kabisa. Akapanga vyuma vyote juu ya mkeka, kisha akashinda akivirudisha kimoja kimoja. Lameck alipomuuliza sababu, alijibu kuwa alitaka kujua uzi wa chini unakutanaje na uzi wa juu.

Mwezi wa nane, gari lilianza vituko.

Kwanza ilikuwa harufu. Siku hiyo Yuster alikuwa amebeba mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho ya Bibi. Njiani akasikia harufu ya mayai viza. Akasema moyoni kuwa ni salfa, akafungua kioo. Lakini Jumamosi iliyofuata hakubeba salfa. Alibeba sare tu, zilizonyooshwa vizuri, na harufu ilikuwa ile ile.

Kisha gari likakosa nguvu. Kwenye barabara ya tambarare lilikwenda vizuri. Lilipofika kwenye mlima wa kupanda Newala, lilianza kulia na kutetemeka. Yuster alikanyaga mafuta, lakini gari halikuongeza mwendo. Lori lililojaa magunia ya mihogo likampita. Tena chini ya miguu yake kulikuwa na sauti ndogo, kama punje za mahindi zinazotikiswa ndani ya kopo.

Kwenye dashibodi kulikuwa na taa ya rangi ya chungwa yenye picha ya injini. Iliwaka wiki kadhaa. Lameck aliona inamsumbua mke wake, akaifunika kwa kipande cha plasta. Alifanya kwa nia njema. Gari linatembea, alisema, na taa ni taa tu.

Jumamosi ile Yuster alifika Chilangala amechelewa. Bibi Josephina alikuwa shambani, basi akaingiza gari moja kwa moja chini ya mikorosho. Nyasi hazikuwa zimefyekwa. Zilikuwa ndefu, kavu, zinafika kwenye tumbo la gari. Yuster akazima injini, akateremka na kumsalimia Bibi. Bibi akamwonyesha maua ya mikorosho, jinsi yalivyochanua vizuri mwaka huu. Wakasimama wakiyatazama.

Bibi ndiye aliyeona kwanza. Alikunja pua, akageuka. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka chini ya gari.

Halafu moto ukalipuka kwenye nyasi.

Yuster alikimbia kuelekea gari. Bibi Josephina akamshika kanga kwa nguvu ambazo Yuster hakudhani mama wa umri ule anazo, akamwambia aache gari, azime nyasi zinazoelekea kwenye miti. Wakavunja matawi mabichi, wakapiga moto. Majirani wawili wakaja mbio na majembe, wakamwaga mchanga chini ya gari kwa majembe na mikono. Maji hayakuwapo ya kumwaga ovyo. Ndoo moja ya Bibi ilikuwa imetoka mbali. Mchanga ndio uliowaokoa. Moto ulipokufa, mkorosho mmoja ulikuwa umebabuka upande mzima, na maua yake yamekauka kama karatasi. Gari lilikuwa limeungua plastiki za chini za kukinga matope na raba za pembeni tu.

Bibi Josephina alikaa chini. Aliutazama ule mti. Mti huo aliupanda yeye na marehemu mume wake.

Hapo swali likamjia Yuster. Injini ya gari iko mbele. Nyasi zilianza kuungua katikati, karibu na chini ya kiti cha dereva. Pale pana nini chenye moto namna ile?

Alisubiri hadi gari lilipopoa kabisa, akalala kifudifudi, akachungulia. Bomba la moshi lilitoka mbele likaelekea nyuma. Katikati yake lilivimba, kama nyoka aliyemeza yai. Ule uvimbe wa chuma ulikuwa umegeuka rangi. Ulikuwa na mabaka ya bluu na zambarau, rangi ambazo Yuster alikuwa ameziona kwenye chuma cha mhunzi tu.

Gari likabaki Chilangala usiku ule. Kesho yake lilivutwa kwa kamba hadi mjini Masasi.

*

Jirani yao Mkomaindo ni Alfredi. Yeye ana gari la kukodi, hupeleka abiria Ndanda na kurudi. Alipolisikia tukio, alikuja kutazama, akacheka kidogo.

"Hayo ni masega, Mama Glory," alisema. "Mimi la kwangu lilinisumbua hivyo hivyo. Nikalipeleka kwa kijana mmoja wa kuchomelea. Akakata, akatoa takataka za ndani, akarudisha kopo tupu. Gari likawa jepesi. Na zile takataka wapo wanaozinunua."

Lameck alipendezwa na wazo hilo. Ni kazi ya saa chache na ya fedha kidogo, na msimu wa korosho, wakati watu wanapopata fedha, ulikuwa bado kufunguliwa. Lakini Yuster akamuuliza Alfredi ile takataka ya ndani kazi yake ni nini.

Alfredi akakuna kichwa. Alisema hajui hasa. Ni mambo ya wazungu, ya kupunguza moshi.

"Waliotengeneza gari hawakuweka kitu pale kwa mapambo," Yuster alimwambia mume wake walipobaki wawili. "Nikishajua kinafanya nini, ukitaka kukitoa tutaongea."

Lameck akakubali kungoja.

Siku chache baadaye Bibi Josephina alikuja Mkomaindo, kwani alitakiwa kwenda hospitali ya Ndanda kuonwa macho. Kwa kuwa gari lao lilikuwa bovu, walikodi la Alfredi. Asubuhi ilikuwa ya baridi. Vioo vyote vilifungwa, Bibi akajifunika shuka.

Kabla hawajafika nusu ya njia, Yuster alisikia kichwa kinamgonga. Akadhani ni usingizi. Akamtazama Bibi, Bibi alikuwa amelegeza shingo, uso una jasho licha ya baridi. Akasema kwa sauti ndogo kuwa anasikia kichefuchefu na dunia inazunguka. Yuster akafungua kioo chake na kile cha Bibi. Akamwomba Alfredi asimame. Walikaa kando ya barabara, kwenye upepo, mpaka Bibi akapata nguvu. Alfredi alisema wazee huchoka na safari. Yeye mwenyewe alikuwa anajikanda paji la uso. Safari iliyobaki walikwenda na vioo wazi, Bibi akitetemeka kwa baridi lakini macho yake yakiwa maangavu.

Hospitalini, Yuster alimweleza mhudumu yaliyotokea. Bibi akapimwa, akaangaliwa, akaambiwa hali yake ni salama. Wakati anasubiri zamu ya macho, alimruhusu Yuster atoke. Alimwambia, "Nenda ukamuulize mtu anayejua magari. Mimi siku zote napanda gari bila kuugua."

*

Uwesu ni fundi magari, ana karakana yake Ndanda, kando ya barabara kuu. Ni mtu mzima, ana mvi, na ovaroli yake ina madoa lakini haina tundu. Yuster alimpa shikamoo. Uwesu akaitikia marahaba, akafuta mikono, akamkaribisha kwenye benchi.

Yuster akaeleza yote tangu mwanzo: harufu, mlima, sauti ya punje, taa, moto. Uwesu alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, fundi aliingia ndani, akatoka na kipande cha kitu kijivu. Akampa akishike.

Kilikuwa chepesi na kigumu kama kigae. Yuster akakiinua kuelekea kwenye mwanga. Akaona vitundu vidogo vidogo visivyohesabika, vya pembe nne, vilivyojipanga sawasawa kama kitambaa kilichofumwa. Aliweza kuona mwanga upande wa pili.

"Ndiyo maana wanaliita masega," alisema Uwesu. "Linafanana na sega la nyuki."

"Ni chujio?" Yuster aliuliza.

"Wengi hudhani hivyo. Chujio hushika uchafu ukabaki. Hili halishiki, hili linabadilisha. Injini ikichoma petroli hutoa gesi zenye sumu. Kuta za vitundu hivi zimepakwa madini adimu, kidogo sana, hata huyaoni. Gesi ya sumu ikigusa kuta hizo zikiwa za moto, inageuka. Inayotoka nyuma ni mvuke wa maji na hewa nyingine zenye madhara madogo zaidi."

Yuster alikizungusha kile kipande mkononi. Kwa hiyo lazima liwe la moto, alisema polepole.

Uwesu akatikisa kichwa kukubali. Hata katika gari lisilo bovu, sega huwa na joto la kuunguza nyasi. Ndiyo maana gari lolote halifai kuegeshwa juu ya majani makavu, liwe bovu au jipya. Lakini la Yuster lilikuwa limezidi. Fundi alishuku kwamba injini ilikuwa inamisi, yaani sehemu moja ya injini ilikuwa haichomi petroli yake. Petroli hiyo ikienda mbichi hadi kwenye sega, inawakia humo, na ndipo inapotoka ile harufu ya mayai viza. Sega linapata joto kupita kiasi, kuta zinayeyuka, vitundu vinaziba. Gari linakuwa kama mtu mwenye pumu: linaweza kuvuta hewa, lakini haliwezi kuitoa. Likifika mlimani linakata pumzi.

Yuster akakumbuka swali la pili. Akamweleza kuhusu gari la Alfredi, na jinsi Bibi alivyougua njiani.

Uso wa Uwesu ukabadilika. Aliuliza kama vioo vilikuwa vimefungwa. Aliuliza kama kichwa kiliwauma wote. Aliuliza kama walipata nafuu walipofungua. Yuster alijibu ndiyo, kila mara.

"Mama, sikiliza vizuri," alisema. "Katika moshi wa gari kuna gesi moja inaitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Ukiivuta, kichwa kinauma, unapata kizunguzungu, unatapika, unasinzia. Ukiendelea, unakufa umelala. Sega ndilo linaloipunguza. Huyo jirani yako amelitoa. Na kama waliochomelea waliacha upenyo, gesi inapanda ndani ya gari. Msirudi na gari hilo. Na yeye mwambie leo hii asibebe mtu."

Yuster alirudi hospitalini akitembea haraka. Alimkuta Alfredi nje ya lango akitafuta abiria, akamweleza kila kitu. Alfredi alisikiliza kwa adabu, lakini hakuamini. Hakuna aliyewahi kufa katika gari langu, alisema. Akawasha gari, akaondoka. Yuster na Bibi wakarudi Masasi kwa basi.

*

Uwesu alikuja Mkomaindo mwenyewe. Alikataa gari liendeshwe hadi Ndanda likiwa katika hali ile. Lameck alitoka karakanani kwake akiwa na vumbi la mbao kwenye nywele, akachukua kigoda, akakaa karibu. Naye alikuwa ameanza kupata hamu ya kujua.

Kazi ya kwanza ya Uwesu ilikuwa kuibandua ile plasta. Hakusema neno la kumlaumu mtu. Alieleza tu kwamba taa hii ikiwaka, gari lipimwe mapema. Ikianza kuwakawaka, yaani inawaka na kuzima, dereva apunguze mwendo, atafute mahali salama, asimame. Hapo ndipo sega linapoungua.

Kisha akagonga ule uvimbe kwa nyundo ya mpira, gari likiwa limepoa. Punje zililia ndani. Sega lilikuwa limevunjika. Akachomeka kifaa kidogo chini ya usukani, kikaonyesha ni sehemu ipi ya injini inamisi. Akafungua hapo. Plagi ilitoka nyeusi, imelowa petroli. Koili yake, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Yuster aliuona kwa sababu macho yake yamezoea kutafuta uzi uliokatika.

Mwisho Uwesu alifungua sensa, kifaa cha kupima moshi, iliyokuwa mbele ya sega, akafunga hapo saa ya kupimia mgandamizo. Akamwomba Yuster awashe injini na kukanyaga mafuta taratibu. Mshale ukapanda, ukagoma kushuka. Moshi ulikuwa hauna pa kupita.

"Haliwezi kuzibuliwa?" Lameck aliuliza. "Au kuoshwa kwa dawa?"

"Sega lililoziba kwa masizi kidogo, pengine," alijibu Uwesu. "Lililoyeyuka na kuvunjika halina dawa. Ni kama chungu kilichopasuka, huwezi kukishona. Litawekwa jingine, linalolingana na injini hii. Lakini kwanza tutatibu koili na plagi. Ukiweka sega jipya ukaacha ugonjwa wa zamani, nalo litaungua."

Hapo Lameck aliuliza swali ambalo Yuster alikuwa analingoja. Kwa nini basi wasilitoe tu, kama Alfredi? Uwesu akamjibu kwamba sumu ile haikai ndani ya gari peke yake. Inatoka nyuma, inaingia kwa watoto wanaocheza kando ya barabara, kwa mama anayeuza maandazi kituoni. Zaidi ya hayo, vumbi la sega lililovunjwa ni baya kwa mapafu ya anayelivunja. La kwao alilitoa, akalifunga lilivyo ndani ya mfuko, likabidhiwe kwa wanaoyachakata kwa utaratibu.

Fedha waliyonayo ilikuwa ya mabati ya kuezekea chumba kipya walichokuwa wanajenga; sasa mabati yangesubiri mpaka korosho zilipwe. Lameck alimwangalia mke wake, kisha akamwambia fundi aagize.

Sega lilitoka Dar es Salaam kwa basi. Uwesu alirudi kulifunga. Aliweka koili mpya na plagi mpya, akabadilisha gasketi, zile pete za kuzuia moshi usivuje, za pande zote mbili, akawasha injini na kupitisha mkono karibu na kila kiungo akitafuta upenyo kabla chuma hakijapata moto. Yuster alisimama nyuma ya gari akitega sikio. Ilikuwa sauti tulivu, iliyo sawa, kama cherehani iliyotiwa mafuta.

Jumamosi iliyofuata familia nzima ilipanda Newala. Taa haikuwaka. Mlimani Yuster alibadilisha gia mara moja, na gari likapanda. Glory alihesabu malori waliyoyapita mpaka akachoka. Bibi Josephina alikuwa ametengeneza mahali pa gari, uwanja wa mchanga mtupu mbali na miti, ameufagia mwenyewe. Lameck alichukua fyekeo, akaanza kazi ya nyasi kabla hata ya kunywa chai.

*

Alfredi alikuja mwisho wa mwezi. Alikuja kwa miguu.

Alisimama mlangoni, akasalimia, akakataa kiti, kisha akakaa. Yuster aliendelea kushona kola ili ampe nafasi. Alfredi akasema kuwa abiria mmoja, binti, alizimia ndani ya gari lake. Walimtoa nje, wakampepea, wakamkimbiza hospitali, akazinduka. Amepona. Lakini Alfredi hakulala siku hiyo, na asubuhi yake alikwenda Ndanda kwa basi kumtafuta Uwesu. Fundi alikuja, akakuta eksozi, yaani bomba la moshi, ina ufa pale ilipochomelewa, chini kabisa ya kiti cha dereva. Gari sasa lilikuwa juu ya mawe. Lilikuwa linangoja sega.

Yuster aliacha kushona. Alimuuliza yeye mwenyewe anaendeleaje.

Alfredi alitazama viganja vyake.

"Mama Glory, mwaka mzima kichwa kinaniuma. Nimepima malaria mpaka wale wa maabara wamenizoea. Kila nikienda wananiambia sina, nikirudi nyumbani nasema vipimo vyao ni vibovu." Akavuta pumzi ndefu, akaitoa. "Tangu gari likae juu ya mawe, sijameza hata panadol."